Mtoto Wako Anayanywa?

Munguti alikuwa mtu wa mikono. Asipokuwa ameshika spana, ameshika nyundo. Asipokuwa na nyundo, anakuna kidevu. Mkewe Kathini alimtania kwamba hata akiomba kanisani, vidole vyake hukaza nati zisizokuwepo.

Kazi yake ilikuwa kutunza kisima cha kanisa huko Enkutoto, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Kitengela. Kilikuwa kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Kilikuwa na pampu ya sola na tangi kubwa jeusi juu ya mnara. Waumini wa Kitengela, wengi wao Wakamba na Wakikuyu, walikichimba kwa ajili ya Wamaasai wa Enkutoto. Mzee Parsaoti alitoa kipande cha ardhi yake. Kanisa likaleta mashine. Munguti alikuwa fundi na pia mzee wa kanisa, kwa hiyo alipewa funguo na nyumba ya vyumba viwili kando ya pampu, hatua chache kutoka kanisa lililojengwa papo hapo. Hiyo ni miaka minane iliyopita.

Kabla ya kisima, wanawake wa Enkutoto walichota maji kwenye lambo. Ng'ombe walikunywa humo, mbuzi walikunywa humo, na watu pia. Kila mwaka watoto waliharisha. Parsaoti alimzika mjukuu wake wa kwanza kwa sababu ya maji hayo. Kisima kilipokuja, kuhara kulikwisha. Munguti alijua hilo, na kila asubuhi alipofungua bomba alijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa deni lisilo lake.

Mama yake Parsaoti ndiye aliyefika wa kwanza kila siku, na punda wake mmoja mkaidi. Kila mtu alimwita Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai. Evalyne, binti wa Munguti, alimwinamishia kichwa, na Kokoo akakigusa kwa kiganja, kama watoto wa huko wanavyosalimiwa. Kisha alimwachia Kathini kibuyu cha maziwa.

"Nyinyi mnakunywa maziwa yetu, sisi tunakunywa maji yenu," alipenda kusema. "Hapo hakuna mtu ya kudai mwenzake."

Kwa hiyo mambo yalikuwa mazuri. Isipokuwa meno.

Evalyne alikuwa na miaka tisa. Alikuja Enkutoto akiwa mgongoni mwa mama yake. Meno yake ya utoto yaling'oka, na mapya yakaota na mistari ya kahawia, kama chai imemwagikia kitambaa cheupe. Kathini alidhani ni uchafu. Alimsimamisha kila asubuhi mbele ya karai na kumsugua kwa mswaki. Mswaki uliposhindwa, alitumia majivu na chumvi. Fizi zilitoka damu. Mistari haikutoka.

Mwisho wa muhula, mwalimu alikuwa akichagua watoto wa kuimba siku ya wazazi. Alimtoa Evalyne kwenye mstari na kumwambia mbele ya darasa aende nyumbani akajifunze kupiga mswaki. Shule ilikuwa kule Kitengela, na watoto wengi wa huko walikunywa maji mengine. Walicheka. Tangu siku hiyo Evalyne alicheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Baadaye akaacha kucheka kabisa.

Jambo moja lilimsumbua Munguti, ingawa hakulisema. Kiilu, kifungua mimba wao, alikuwa kidato cha pili huko Mwala, Ukambani, alikolelewa na nyanya yake. Kiilu alikuwa mvivu wa mswaki tangu utotoni. Lakini meno yake yalikuwa meupe. Mama mmoja, baba mmoja, mswaki wa aina moja. Kwa nini mchafu awe na meno meupe, na msafi awe na meno ya kahawia?

Tena kulikuwa na Wathome, kitinda mimba, wa miezi kumi. Meno yake ya kwanza yalikuwa yameanza kuchungulia. Kathini hakutaka mchezo na huyo. Maji ya uji wake aliyachemsha asubuhi nzima. Sufuria ilijaa ikipanda jikoni, na iliposhuka ilikuwa imepungua sana. Hata vijidudu sugu, alisema, havingeweza kumaliza saa tatu ndani ya moto ule.

Jumanne moja, shule zikiwa zimefungwa, mwanamke kijana alifika kwa pikipiki. Alikuwa amefunga sanduku la plastiki nyuma ya kiti. Jina lake lilikuwa Mugure, afisa wa maji wa kanisa kutoka ofisi ya Ngong. Alieleza kwamba kanisa limeamua kupima upya visima vyake vyote vya Kajiado. Munguti alimkaribisha kwa furaha. Alimwonyesha pampu, akamwonyesha tangi, akamwonyesha hata grisi.

Mugure alisikiliza kwa adabu. Lakini macho yake yalikuwa kwa Evalyne, aliyekuwa ameketi mlangoni akimbembeleza Wathome.

"Nionyeshe meno yako, mrembo," alimwambia.

Evalyne alifunika mdomo. Kathini aliona aibu, akaanza kueleza habari za mswaki, majivu na chumvi. Alisema hajui tena afanye nini na mtoto asiyetaka kuwa safi.

"Mama Kiilu, wacha majivu," Mugure alisema. "Huyu mtoto si mchafu. Hiyo rangi iko ndani ya jino. Iliingia jino likiwa bado halijaota."

Kathini alilichukua karai lililokuwa mlangoni. Mugure aliuliza Evalyne alizaliwa wapi, Kiilu alikulia wapi, na maji ya nyumbani yanatoka wapi. Kisha akaomba vikombe viwili vya maji. Kimoja kutoka bombani. Kingine kutoka kwenye sufuria ya uji wa Wathome, yaliyochemshwa vizuri.

Alitia dawa katika kila kikombe. Maji yakabadilika rangi. Akayatia kwenye kifaa chake kidogo na kusoma namba.

"Kuna kitu kinaitwa floraidi," alisema. "Ni madini. Inatoka kwa mawe huko chini. Kidogo haina shida, tena inasaidia meno. Nyingi ndiyo inaharibu. Maji ya kunywa haifai kupita miligramu moja na nusu kwa lita. Hii ya bomba ni tano."

"Na ile ya sufuria?" Kathini aliuliza haraka. "Hiyo nimechemsha."

"Nane."

Kathini alicheka kidogo, akidhani Mugure amekosea vikombe. Mugure hakucheka. Alimuuliza Kathini supu yenye chumvi ikiachwa motoni muda mrefu inakuwaje. Kathini akajibu kwamba inazidi kuwa na chumvi, kila mtu anajua hilo.

"Basi ni hivyo hivyo," Mugure alisema. "Vijidudu viko hai, moto unaviua. Floraidi haiko hai. Huwezi kuiua. Maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki kwa sufuria. Ukichemsha sana, unampea mtoto floraidi nyingi kwa maji kidogo."

Kathini aliweka karai chini. Watu husema dawa ya moto ni moto, lakini hapa moto haukuwa dawa. Alikuwa amefuata kila alichofundishwa wakati wa kipindupindu, tena kwa bidii kuliko jirani yeyote. Bidii hiyo hiyo ndiyo iliyomletea mwanawe namba nane.

Mugure hakumlaumu. Alimweleza mambo machache, polepole. Watoto wa chini ya miaka minane ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, kwa hiyo aendelee kumnyonyesha Wathome. Aache pia kutia magadi kwenye maharagwe na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kwa kuwa magadi ya kulainisha chakula yana floraidi nyingi. Mtu mzima naye hajasalimika. Akinywa maji kama haya miaka mingi, magoti na mgongo huuma na kukakamaa, na mifupa huweza kupinda.

Munguti alikumbuka namna Parsaoti alivyoshika kiuno siku hizi akitaka kuinuka. Alikuwa amedhani ni uzee.

Ndipo Mugure alipomgeukia.

"Mzee Munguti, kisima kikichimbwa maji hupimwa. Uko na ile karatasi ya kwanza?"

"Ilipotea," Munguti alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Mugure aliandika kwenye daftari lake. Alisema atapeleka maji maabara ili awe na hakika, na Jumapili atarudi kuzungumza na kanisa lote. Lakini akina mama wasingoje Jumapili. Munguti awaambie leo kwamba watoto wadogo wasinywe maji ya bomba. Wapewe maji ya mvua kutoka tangi la kanisa, na hayo ndiyo yachemshwe kidogo, kwa sababu mvua haina floraidi lakini paa lina uchafu wa ndege. Munguti alikubali. Aliitikia mara tatu, kama mtu anayetaka mgeni aondoke.

Karatasi haikuwa imepotea. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la spana.

Alijua vizuri ilivyokuwa. Ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema hakuna vijidudu. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ndefu ya madini, na namba moja ilizungushiwa wino mwekundu. Munguti alimuuliza mchimbaji maana ya ule wino. Mchimbaji akasema ni madini tu, huku kwenu ni kawaida. Ilikuwa Ijumaa. Sherehe ya kufungua kisima ilikuwa Jumapili. Mahema yalikuwa yamefika na mbuzi wamechaguliwa. Munguti alikunja karatasi. Jumapili akasimama mbele ya watu na kusema maji ni safi. Wanawake wakapiga vigelegele. Parsaoti akamkumbatia.

Sasa mikono yake haikutulia. Jumatano asubuhi akina mama walipofika, alifungua kinywa ili awaambie. Akawauliza habari za punda. Alhamisi alikaza nati zote za mnara, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa imelegea. Alijiambia kwamba anangoja maabara. Pengine kile kifaa kidogo kilikosea. Ni vizuri kuwatisha watu bure?

Lakini Wathome hakungoja maabara. Tangu Jumanne ile alikunywa maji ya mvua. Evalyne pia. Na kwa kuwa tangi la mvua lilikuwa dogo, na mvua ilikuwa mbali, Munguti alitia kufuli kwenye bomba la tangi hilo.

Kathini aliliona hilo kufuli.

"Baba Kiilu, umeshawaambia?" aliuliza.

Akajibu kwamba atawaambia. Kathini akamwambia wazi kwamba hawezi kuendelea hivi. Kila akimwona Kokoo na mtungi wake, anatamani kujificha nyuma ya mlango. Munguti alitoka nje kwenda kutia grisi mahali palipokuwa na grisi tayari.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikatwa na mtoto. Ijumaa Evalyne alikwenda kucheza kwa akina Parsaoti. Jua lilikuwa kali. Kokoo alimpa kikombe cha maji. Evalyne alikirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kusema kwamba baba yake amewakataza maji ya bomba.

Jumamosi asubuhi Kokoo alifika peke yake. Hakuja na punda, wala hakubeba kibuyu cha maziwa. Alikuwa na mtungi mmoja mtupu wa plastiki. Aliuweka chini mbele ya Munguti, akajikongoja na kuketi juu ya jiwe.

"Sopa, Kokoo," Munguti alisalimu.

Kokoo hakuitikia salamu.

"Baba Kiilu, mimi si mtu ya kusoma," alisema. "Mimi nauliza kitu moja tu. Hii maji, mtoto yako anakunywa?"

Munguti alitazama pampu. Alitazama spana iliyokuwa mkononi. Angeweza kusema Evalyne ni mtoto, hajui anachosema. Aliona kwamba bibi huyu angemwamini. Miaka minane alikuwa amemwamini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Hapana, Kokoo," alisema. "Hanywi."

"Yangu anakunywa," Kokoo alisema. "Kile kitoto kidogo cha mjukuu yangu Lemein kilikunywa leo. Na mimi ndiyo nilikipea."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali kwa Munguti kama angepaza. Bibi alibaki ameketi, mikono juu ya magoti yake yaliyokakamaa, akingoja tu. Munguti aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Alichukua ufunguo, akafungua kufuli la tangi la mvua na kujaza mtungi wa Kokoo mpaka juu. Kisha akamwambia yote: floraidi, namba tano, watoto wadogo. Akamwambia na habari za ukurasa wa pili.

Kokoo alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo karatasi, usinisomee mimi," alisema. "Kesho watu watakuwa kwa kanisa. Wasomee."

Siku ile Munguti alizunguka boma kwa boma. Aliwaambia akina mama wasiwape watoto maji ya bomba, na kila mwenye mtoto mdogo alichotewa maji ya mvua. Kufuli alilitupa kwenye sanduku, na karatasi akaitoa.

Jumapili kanisa la Enkutoto lilijaa, na waumini wa Kitengela walikuja pia. Watu wa Enkutoto walikuja wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ilikuwa imekwisha tembea. Mugure alileta jibu la maabara, na lilikuwa lile lile. Kabla hajalisoma, Munguti aliomba nafasi. Alisimama mahali pale pale aliposimama miaka minane iliyopita. Akakunjua karatasi.

"Mliniuliza maji ni safi, nikasema ni safi," alisema. "Nilisoma ukurasa mmoja nikaficha wa pili. Karatasi haikupotea. Niliificha, kwa sababu sherehe ilikuwa tayari."

Akausoma, namba na wino mwekundu na yote. Kisha akasema kwamba wiki hii amewapa watoto wake maji mengine, na wa jirani akawaacha. Kathini, aliyekuwa benchi la akina mama, aliinamisha uso.

Kelele zilianza. Mzee Kinyanjui, mwenyekiti wa mipango ya kanisa, alisimama kwa hasira. Alisema kisima kiliombewa na kutiwa mafuta, na kusema ni kibaya ni kudharau maombi ya watu wote. Watu wengine walimwitikia. Pasta Mbugua aliinua mkono.

"Tuliomba Mungu atupe maji, akatupa," alisema. "Karatasi alituachia sisi tusome. Tulikuwa na macho."

Wachache walicheka, lakini Parsaoti hakucheka. Aliinuka polepole, akishika kiuno.

"Mimi nilitoa shamba," alisema. "Nilizika mjukuu kwa sababu ya lambo. Mkaniambia hii ni uzima, nikaamini. Sasa mnataka nirudi lambo?"

Munguti aligeuka kumtazama Mugure, kama kila mtu mle ndani.

"Usirudi lambo, mzee," Mugure alisema. "Lambo inaua haraka. Hii inaharibu polepole. Zote mbili hatutaki."

Akaeleza kinachoweza kufanywa. Maji ya kisima hayakuwa na vijidudu, kwa hiyo yalifaa kufua, kuoga na kuosha vyombo. Ya kunywa na kupikia lazima yapunguzwe floraidi. Njia moja ni kukusanya mvua nyingi zaidi, na paa la kanisa lilikuwa kubwa. Njia nyingine ni chujio. Maji hupita polepole katika tangi lililojaa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa huo huishika floraidi.

Aliposema mifupa, kanisa lilivuma. Mama mmoja Mkamba aliuliza ni mifupa ya nani hasa. Mzee mmoja wa Enkutoto alisema maji yaliyopita kwenye mizoga hayawezi kuitwa maji. Mugure alieleza kwamba mifupa hutoka machinjioni, huchomwa kwenye tanuri lenye moto mkali, huoshwa na kupimwa. Hawakumsikiliza. Munguti aliona jambo lote likianza kuporomoka, na akajua kwamba yeye hana tena ulimi wa kuwaomba watu wamwamini.

Kokoo ndiye aliyesimama. Alitoa kibuyu chake chini ya shuka. Aliuliza, kwa Kimaasai kwanza, kisha kwa Kiswahili, kama kuna mtu hapa ambaye hajawahi kunywa maziwa yake. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza kama wanajua anakisafisha kwa kitu gani.

"Kwa moto ya oloirien," alisema. Huo ni mti wa mzeituni mwitu. Kila mwanamke wa Kimaasai huchoma kijiti chake na kusugulia ndani ya kibuyu, mpaka kinakuwa cheusi na kunukia vizuri. "Maziwa inapita kwa mkaa kila siku, na nyinyi mnasema tamu. Na ng'ombe ni yetu. Tulikula nyama yake, tulikunywa damu yake. Sasa mfupa yake ndiyo mnaogopa?"

Kicheko kilienea, hadi kwa yule mzee wa mizoga. Mugure alicheka pia, lakini aliwaonya mara moja. Mkaa wa miti husafisha kibuyu vizuri, ila hauondoi floraidi. Wala mtu asichome mifupa nyumbani, kwa sababu isipoiva sawasawa maji hunuka na floraidi hubaki. Na mkaa wa mifupa nao huchoka. Baada ya miezi kadhaa hushiba, na lazima ubadilishwe. Ndiyo maana maji yatapimwa mara kwa mara, na mtu mmoja lazima asome namba.

"Nani?" Parsaoti aliuliza.

Munguti aliweka funguo za kisima mezani mbele ya pasta, kwa kuwa aliona hazimfai tena. Parsaoti alizitazama. Kisha akasema wazi kwamba bado ana hasira, na itachukua muda kuisha. Lakini mtu aliyeungua, alisema, ndiye anayejua sufuria iko wapi. Achukue funguo zake. Ila namba zisomwe hadharani, na binti wa Enkutoto afundishwe kupima pamoja naye.

Kazi ilichukua miezi miwili. Vijana wa kanisa walijenga jukwaa la chujio kando ya mnara. Waliweka mifereji kwenye paa la kanisa na matangi mawili mapya. Mabomba yakapakwa rangi. La buluu lilikuwa la kunywa na kupika. Jekundu lilikuwa la kufua na kuoga, na hata asiyejua kusoma aliweza kulitambua. Siku ya kwanza ya chujio, Mugure alipima maji ya bomba la buluu. Namba ilikuwa chini ya moja. Kokoo alikunywa wa kwanza, akatafuna tafuna maji kwa muda mrefu ili kuwatisha watu, kisha akasema hayana hata harufu ya ng'ombe.

Kathini naye alibadilisha jiko lake. Magadi aliyaacha. Maharagwe aliyaloweka tangu jioni, na yakaiva vizuri tu. Maji ya mvua aliyachemsha mpaka yatokote vizuri, akaepua. Lakini jambo gumu zaidi lilikuwa lingine. Asubuhi moja Evalyne alisimama mbele ya karai kama alivyozoea na kufungua mdomo ili asuguliwe. Kathini hakuweza kuvumilia. Alipiga magoti na kumwomba mtoto wake msamaha. Alimwambia kweli kama Mugure alivyoisema: mistari ile haitatoka kwa kusuguliwa, ila daktari wa meno anaweza kuifunika kidogo akikua. Na kamwe haikuwa uchafu.

Muhula mpya ulipokuwa umeshaanza, Kathini alikwenda na Mugure kumwona mwalimu. Mwalimu alisikiliza, akaona haya, akaita darasa zima lijifunze habari za maji. Evalyne ndiye aliyeombwa aeleze habari ya supu na chumvi. Alieleza huku mkono ukiwa mdomoni. Alipofika kwa Kokoo anayetafuna maji, alijisahau. Mkono ulishuka, akacheka na darasa lote, meno nje.

Sasa ukurasa wa pili umetundikwa ukutani, nje ya chumba cha pampu. Wino mwekundu umeanza kufifia kwa jua. Chini yake pana ubao. Kila baada ya miezi mitatu Munguti na Resiato, mjukuu wa kike wa Parsaoti aliyefundishwa kupima, hupima maji na kuandika namba kwa chaki. Juzi ilipanda kidogo kupita moja. Munguti hakulala vizuri. Kulipokucha alipiga simu Ngong, na wiki hiyo hiyo mkaa ukabadilishwa.

Mikono yake bado haitulii. Ila siku hizi ina kazi.

Kokoo hufika wa kwanza, kama zamani, na punda wake mkaidi. Hasomi ubao. Husimama mbele ya bomba la buluu, mtungi mkononi, na kungoja. Hakubali kuuweka chini kabla ya kuuliza.

"Baba Kiilu, mtoto yako anakunywa?"

Munguti humwita Wathome, ambaye sasa anatembea. Mtoto hukinga kikombe chake kwenye bomba, hunywa, na kujimwagia kifuani.

"Anakunywa, Kokoo."

Ndipo bibi huweka mtungi wake chini ya bomba.